Mjadala: Wimbo wa kijijini ukiingia kwenye okestra, jina la nani liandikwe?

Mleta mada
Wadau, tuende kwa ushahidi. Densi ya Kihungaria Na. 5 ya Brahms, mtunzi wa Ujerumani (1869), mara nyingi hutambulishwa jukwaani kama wimbo wa jadi. Si wa jadi. Mahadhi yake ni ya csárdás (aina ya densi ya Hungaria) iitwayo *Bártfai emlék*, ya Béla Kéler, mtunzi aliyekuwa hai wakati huo. Bizet, mtunzi wa Ufaransa, naye aliteleza palepale: habanera (wimbo wa mdundo wa Kikuba) ya opera yake *Carmen* (1875) aliidhani haina mwenyewe, kumbe ni ya Sebastián Iradier, aliyefariki 1865. Msimamo wangu: huu ni uporaji, na programu za matamasha ziseme hivyo.

Mpanga Noti
Mkuu, uporaji ni neno zito mno. Brahms hakuzipa densi zile namba ya opus (namba ya kazi za mtunzi mwenyewe), maana alizihesabu kuwa mpangilio tu. Bizet alipoujua ukweli, alitia maelezo kwenye noti za waimbaji. Tatizo lilikuwa chanzo. Bendi za Waroma (jamii ya Roma, si watu wa mji wa Roma) mijini zilipiga kwa ufundi wa hali ya juu nyimbo zilizotungwa juzi tu, msikilizaji akadhani ni za mababu. Mtunzi Liszt naye alichota humohumo.

Njia ya kweli ni ya Bartók, mtunzi wa Hungaria: kuanzia 1906 alibeba fonografu, mashine ya kunasa sauti, hadi vijijini. Kazi yenyewe ni ya subira. Kwanza unapuliza filimbi ya kupimia sauti, noti ya A, ili iingie kwenye silinda ya nta kabla ya mwimbaji. Ukiiruka hatua hiyo umeharibu: mashine ikizunguka kasi kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima unapanda nusu toni na hutajua. Kisha unaandika jina la mwimbaji, umri, kijiji na tarehe. Nyumbani unasikiliza kwa nusu ya mwendo. Sauti inashuka oktava nzima, na vile vinoti vidogo vya mapambo vinajitenga kimoja kimoja. Lakini usirudierudie ovyo, kila mzunguko sindano inakwangua nta.

Sikio la Nta
Hapo nakuunga mkono nusu. Silinda ilibeba dakika chache tu, kwa hiyo beti za mwisho, ambazo mwimbaji huzigeuza zaidi, zilikatwa. Na majina yale yaliishia kwenye daftari. Chukua *Densi za Kiromania* za Bartók, za piano (1915), ile ya tatu, *Pe loc*. Mahadhi yalitoka kwa mpiga filimbi wa kijiji cha Egres. Bartók aliongeza mkono wa kushoto: mvumo mmoja unaong'ang'ania chini, na filimbi inalia juu yake. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini Ulaya hakimiliki ya mpangilio huo iliendelea hadi mwisho wa 2015, miaka 70 baada ya kifo chake, na mahadhi yenyewe hayakulindwa hata siku moja.

Mleta mada
Basi kwa Brahms na Bizet nalifuta neno uporaji, lakini kwa *Pe loc* hoja inabaki. Kama kijiji na ala vimo daftarini, ni nini kinachozuia programu kuandika: "Mahadhi: mpiga filimbi, Egres. Mpangilio: Bartók, 1915"?

Mpanga Noti
Hakuna. Ni mstari mmoja tu. Na Na. 5 iandikwe Kéler kwanza, Brahms baadaye.