Chai za Kichina za kukata tumbo: zipigwe marufuku au tuachiwe matumbo yetu?

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, salaam. Kariakoo siku hizi ukigeuka huku chai ya Kichina, ukigeuka kule chai ya Kichina, "tumbo linaisha siku saba". Mke wangu kanunua boksi. Siku ya tatu hatoki chooni, kapungua kilo mbili, anashangilia. Mimi nasema ziondolewe mezani, mtu apewe na tabibu aliyesajiliwa baada ya kupimwa. Mnasemaje?

Mama Pacha: Kaka Kisiki, mkeo kakuomba hela au ushauri? Mie nimekunywa miezi miwili, gauni la sendofu limeingia. Wachina wametibu watu miaka elfu na ushee. Dawa mseto ya malaria mnadhani imetoka wapi? Mama wa Kichina, Tu Youyou, Nobel 2015.

Kapsuli: Nobel ilikuwa ya malaria, dada, haikuwa ya sendofu. Yule mama alichuja kiini kimoja kwenye mmea, kikapimwa. Boksi lako limepimwa na nani? Zimeshakamatwa chai na vidonge vya "majani matupu" ndani mna sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Marekani 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Na Brussels, Ubelgiji, miaka ya tisini mwanzoni, kliniki ya kupunguza uzito ilitakiwa itumie mzizi unaoitwa fangji, ukaingia mwingine wenye jina linalokaribiana. Wanawake zaidi ya mia figo zikaharibika, wengine wakapata na saratani.

Mama Pacha: Brussels mbali. Sema hela zetu haziji dukani kwako.

Kapsuli: Sina duka.

Bara Hoi: Mnaionea chai. Dada zetu wa Pwani asubuhi mahamri, mchana pilau, jioni urojo, halafu wanamtafuta Mchina awaokoe.

Binti Makunduchi: Weye koma! Urojo umekukosea nini? Nyie wa kilo ya nyama choma na bia ndio wembamba? Na hiyo chai yenu nimechana kipakiti nikaimwaga kwenye sahani: majani membamba, yamechongoka, harufu ile ile. Sanamaki! Bibi akitupa tukivimbiwa, kikombe kimoja, basi. Leo imevishwa picha ya joka mnauziwa elfu ishirini.

Kapsuli: Hapo umemaliza. Wachina wenyewe wanaliita fan xie ye, jani la kigeni la kuharisha. Kisiki, zile kilo mbili ni maji na choo, mafuta yako pale pale. Akiendelea kuhara hivyo potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, inashuka, na moyo hautanii.

Bara Hoi: Sanamaki ni ya Waarabu, Zanzibar mnadandia tu.

Binti Makunduchi: Nimesema ya bibi yangu. Bibi yangu ni Zanzibar.

Ustadhi Kobe: Makki ni ya Makka, jina linajieleza. Bara Hoi hapo kapata. Ila kwa urojo aombe radhi.

Kisiki cha Mpingo: Jamani, mimi nimeuliza habari ya marufuku…

Bara Hoi: Siombi. Urojo wenyewe wa Wahindi.

Mama Pacha: Ngojeni kwanza. Kwa hiyo elfu ishirini yangu ni sanamaki? Binti, bibi alikuwa anapima kijiko au anahesabu majani?

Binti Makunduchi: Simwambii mtu hapa mpaka yule aombe radhi.