Kumbe Kezilahabi alituandikia sisi? Mliosoma Kichwamaji njooni

Bahasha ya Kaki:
Wakuu habari zenu. Mimi wa 1996, nimemaliza chuo, mwaka wa nne huu niko kitaa nazungusha vyeti. Riwaya za Kiswahili nilizijua zile za mtihani tu, unakariri dhamira ukitoka chumbani umesahau. Sasa juzi nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi moja, dada wa mapokezi kasema subiri kidogo, hicho kidogo kikawa masaa matatu, mkononi nina Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ya mtumba jalada limeshikwa na selotepu, nafungua mwanzoni tu nakuta Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, naye anasubiri nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, tena mtu aliyesoma naye! Nikaacha kusoma nikawa naangalia mlango. Kitabu cha 1974 jamani, mama yangu alikuwa anatambaa. Mlioishi enzi hizo mlikisomaje? Na baada ya hiki nisome kipi?

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, sisi kazi tulipata, kwa hiyo hilo benchi halikutuuma sana. Kilichotuuma ni kurudi nyumbani. Unakuja likizo, mama anakutolea kiti, wadogo zako wanakaa chini, wote wanakutazama na huna la kuwaambia, kile ulichosoma hakisemeki kwa lugha ya pale uani. Kezilahabi kazaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, aliyajua haya kwa ndani. Alipofariki Januari 2020 nilikitoa tena kabatini.

Binti Ziwa:
Soma Rosa Mistika, ya huyohuyo Kezilahabi, 1971. Kuna wakati walikipiga marufuku mashuleni, na mimi naona walikiogopa kwa sababu kinawasema wazazi. Baba anampiga binti kwa barua tu ya mvulana, hamfundishi kitu chochote, halafu binti akifika shule ya bweni, baba anashangaa mtoto kaharibika. Nimelelewa hivyohivyo miaka ya 2000, nilikisoma nalia, nikampa dada yangu naye hajanirudishia mpaka leo.

Msomaji wa Usiku:
Vitabu vyake vya Nagona na Mzingile viache kwanza, ni vyembamba ila vitakuzungusha kichwa, anza na riwaya yake ya Dunia Uwanja wa Fujo. Halafu mkuu, mwisho wa Kichwamaji ni mzito mno, Kazimoto anajiua. Ukifika pale usiwe peke yako, mpigie mtu mwongee, nakwambia kwa nia njema kabisa maana najua hiyo miaka minne inavyokaa kifuani.

Bahasha ya Kaki:
Asante ndugu, nimeshafika, nilimpigia rafiki tukaongea hadi usiku wa manane. Rosa naenda kumtafuta kesho. Mwalimu shikamoo. Krismasi nilienda nyumbani, mama akakifuta kiti kwa kanga yake aliyojifunga akaniambia kaa baba, nikakaa, akaniuliza huko mjini vipi. Nikamjibu salama.