Mustafa Kemal na herufi mpya za Kituruki: amri ya askari au kazi ya mwalimu?

Mjukuu wa Ngamiani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Hapa Tanga nimerithi daftari la babu wa baba yangu, aliyekuwa akiuza nazi, na lote limeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nilisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, miaka minne, hivyo maneno nayatamka, lakini mara nyingi sina hakika ya maana yake. Ndiyo maana nimevutwa na habari za Mustafa Kemal, kamanda aliyepata sifa Gallipoli mwaka 1915 kwa kuwazuia Waingereza na washirika wao, akaongoza vita vilivyowatoa Wagiriki Anatolia mwaka 1922, akawa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uturuki tarehe 29 Oktoba 1923, kisha mwaka 1928 akawabadilishia watu wake herufi, kutoka za Kiarabu kwenda za Kilatini. Je, alifaulu kwa kuwa alizoea kutoa amri na kutiiwa, au herufi za zamani zilikuwa kweli hazikifai Kituruki?

Mwalimu wa Chumbageni:
Ndugu yangu, yote mawili yalikuwapo, ila hilo la pili watu hulipita haraka. Kituruki kina irabu nane, na herufi moja ya wau ilibebeshwa sauti za v, o, ö, u na ü. Neno lililosomwa "oldu", yaani akawa, liliandikwa sawasawa na "öldü", yaani akafa, na msomaji alilazimika kukisia kutokana na maneno ya jirani. Hiyo ni taabu kubwa kwa mtoto anayeanza kusoma.

Kasi ndiyo iliyokuwa ya kiaskari. Alitangaza nia yake Istanbul usiku wa tarehe 9 Agosti 1928. Wapo waliotaka mageuzi yachukue miaka, yeye akataka miezi. Sheria ilipitishwa tarehe 1 Novemba, magazeti yakabadilika Desemba, na vitabu vikafuata Januari 1929. Hata hivyo hakuishia kwenye amri, kwani alizunguka mikoani akisimama mwenyewe mbele ya ubao, chaki mkononi, na watu wazima wakafunguliwa madarasa nchi nzima. Mimi niliyefundisha kusoma na kuandika kwa miaka mingi namheshimu sana kwa hilo.

Binti wa Makorora:
Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu ubao, lakini tusisahau kwamba mwaka 1925 chama cha upinzani kilifungwa na magazeti kadhaa yakanyamazishwa, kwa hiyo mwaka 1928 waliokuwa na hoja tofauti hawakuwa na pa kuisemea. Tangu mwaka 1932 hata adhana ilitolewa kwa Kituruki, ikaruhusiwa tena kwa Kiarabu mwaka 1950. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana wa Kituruki leo husimama mbele ya kaburi la babu wa babu yake asiweze kusoma jina lililochongwa juu ya jiwe.

Huku kwetu mambo yalikwenda polepole. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa Tanga mwaka 1892, na gazeti la Kiongozi likaanza kuchapwa mjini humu mwaka 1904 kwa herufi za Kilatini, huku barua na tenzi nyingi zikiendelea kuandikwa kwa zile za Kiarabu. Kalamu ile tuliiacha nyumba kwa nyumba, kila mzazi aliyemwona mwanawe akipata kazi kwa herufi za shuleni, na ndiyo maana mjukuu ana daftari asilolielewa vizuri.

Mjukuu wa Ngamiani:
Ahsanteni sana. Mfano wa Mwalimu umenifungua macho, maana nasi tuna irabu tano huku alama za chuoni ni tatu, fatha, kasra na dhumma. Katika ukurasa wa tatu kuna mstari niliousoma "atalipa rupia mbele", nikadhani babu alidai malipo kabla ya kutoa nazi. Sasa naona kwamba "mbele" na "mbili" zote huandikwa kwa kasra mbili.

Mwalimu wa Chumbageni:
Mjukuu wangu, tazama pembeni mwa mstari huo, kwani wafanyabiashara wengi walirudia hesabu kwa tarakimu.

Mjukuu wa Ngamiani:
Nimetazama, Mwalimu. Ipo, imefifia: ٢. Ni rupia mbili.