Gurudumu la kreni linatokeza mdomo ukingoni: ni matibabu gani ya uso yatakayolizuia?

Mkerezaji_Tanga

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu wa kitaalamu. Karakana yetu inahudumia kreni ya juu ambayo magurudumu yake yana kipenyo cha milimita 500, yanapita juu ya reli bapa yenye upana wa milimita 50, na kila moja hubeba hadi tani 20. Tuliyakereza kutokana na chuma cha C45 (chuma cha kaboni ya wastani) ambacho hakikukazwa kwa moto. Sasa yameanza kubonyea upande mmoja: chuma kinasukumwa taratibu kuelekea ukingoni hadi kinatokeza mdomo, na juu ya njia ya reli yanabanduka magamba membamba. Uongozi unapendekeza yatiwe naitrojeni, kwa kuwa joto lake ni dogo na gurudumu halipindi, ilhali fundi mwenzangu anapendekeza kromu ngumu, yaani kupakwa kromu kwa umeme ndani ya beseni. Ugumu wa uso utaongezeka kwa njia zote mbili, lakini je, chuma kitaacha kusukumwa?

Mzee wa Tanuru

Mkuu, kabla ya kuchagua tiba, tafuta kwanza mkazo mkubwa unakaa wapi. Hesabu ya mgusano iliyochapishwa na Heinrich Hertz mwaka 1882 inatosha kwa kazi hii. Kwa vipimo ulivyotoa, gurudumu na reli hugusana kwenye ukanda mwembamba ambao nusu ya upana wake ni kama milimita 3.3, na shinikizo la juu kabisa katikati ya ukanda huo hukaribia megapaskali (kipimo cha shinikizo na mkazo) 770. Mkazo wa kukata, ambao ndio unaolazimisha chuma kuteleza ndani kwa ndani, hauwi mkubwa zaidi usoni bali chini yake, kwenye kina cha takriban 0.78 ya nusu upana huo, yaani karibu milimita 2.6.

Sasa linganisha. Tabaka la naitrojeni, linalotiwa kwenye nyuzi 500 hadi 550 za selsiasi, kwa kawaida huishia kwenye sehemu ya kumi chache za milimita, na C45 haina kromu wala alumini ya kutosha kulipa tabaka hilo ugumu mkubwa. Kromu ngumu kwa kawaida ni nyembamba hata zaidi, na hutoka kwenye beseni ikiwa tayari na nyufa ndogondogo. Kwa mzigo wako, kila moja itakuwa kigae kilichotandazwa juu ya udongo laini: udongo utabonyea, na kigae kitapasuka.

Mkerezaji_Tanga

Nashukuru sana, mzee wangu. Linalonitatiza ni kwamba kreni imefanya kazi muda mrefu. Kama chuma kilikuwa laini mno, kwa nini hakikubonyea mwanzoni kikatulia?

Bi. Mikazo

Ndugu Mkerezaji, hapo umegusa kiini cha tatizo. C45 ambayo haijakazwa huanza kukubali umbo jipya kwenye mvuto wa megapaskali 350 hivi, na nguvu yake dhidi ya mkato ni kama 200. Gurudumu linapobingirika bila msuguano mkubwa, chuma huanza kubonyea ndani shinikizo linapozidi mara 3.1 ya nguvu hiyo, yaani 620. Hata hivyo, mabonyeo ya mwanzo huacha mikazo ya mgandamizo ndani ya chuma, nayo hukilinda katika mizunguko inayofuata, hata kikatulia kabisa, mradi shinikizo halivuki mara 4, yaani 800. Ukivuka hapo, kila mzunguko husukuma chuma kidogo zaidi, bila kikomo.

Shinikizo lako la 770 lingetulia. Lakini umesema gurudumu linabonyea upande mmoja. Mzigo ukibebwa na nusu tu ya upana wa reli, shinikizo hupanda hadi karibu 1,080, na mkazo mkubwa hushuka hadi kina cha milimita 3.7. Kwa maoni yangu ugonjwa wako wa kwanza ni reli iliyoinama au ekseli isiyo sambamba, na hakuna tanuru litakalouponya.

Mzee wa Tanuru

Naunga mkono kauli ya Bi. Mikazo kikamilifu. Reli ikishanyooshwa, mimi ningekereza magurudumu mapya kwa 42CrMo4 (chuma chenye kromu na molibdeni), kisha ningeyakaza uso kwa indaksheni, yaani kupashwa joto kwa koili ya umeme, ya masafa ya chini (mitetemo michache kwa sekunde), kwa sababu masafa yakipungua joto hupenya zaidi. Omba kina kisichopungua maradufu ya kile cha mkazo mkubwa, na usiruhusu mpito wa ghafla kutoka tabaka gumu kwenda kwenye kiini laini, kwani hapo ndipo nyufa za chini ya tabaka huanzia. Baada ya kupozwa, yapashwe tena kwenye nyuzi 150 hadi 200.

Mkerezaji_Tanga

Je, kuupigapiga uso kwa gololi ndogo za chuma kunaweza kusaidia?

Bi. Mikazo

Kunasaidia sana dhidi ya nyufa zinazoanzia usoni, kwa kuwa huacha mgandamizo, lakini mgandamizo huo hufika sehemu chache za kumi za milimita tu, na ukwaru unaobaki huleta madhara yake. Tiba nyembamba zina mahali pake pa haki: kigezo cha msuguano kikizidi takriban 0.3, mkazo mkubwa hupanda hadi usoni, kama inavyotokea gurudumu linapoburuzwa kwa mshazari. Magamba yako huenda yametokana na hilo.

Zingatia pia reli yenyewe. Ukilikaza gurudumu peke yake, mabonyeo yatahamia kwenye reli laini. Reli za treni za daraja R260 zina ugumu wa 260 hadi 300 kwa kipimo cha Brinell, na zile za R350HT zina 350 hadi 390. Fahamu kwamba reli ngumu hulika polepole, hivyo ufa mdogo haufutwi na kulika kwenyewe. Uingereza, mwaka 2000, reli yenye nyufa za uchovu (zitokanazo na mzigo unaojirudia) wa aina hii ilivunjika vipande vipande chini ya treni karibu na Hatfield, na watu 4 walifariki. Kwa hiyo panga ukaguzi wa nyufa wa mara kwa mara kuanzia siku magurudumu mapya yatakapofungwa.

Mkerezaji_Tanga

Nitaomba kreni isimamishwe, tupime usambamba wa reli na ekseli kwa urefu wote, kisha tupime ugumu wa reli kabla ya kuagiza chuma. Vipimo vikipatikana nitavileta hapa ili mnisaidie kuamua kina cha kukaza.