Naomba ushauri: balbu za tulipu na dafodili zitakubali Nakuru?

Mama Tausi, Kiamunyi
Hamjambo wakulima wenzangu. Shemeji yangu anaishi Uholanzi na Desemba anakuja nyumbani. Ameniuliza aniletee nini, nikamwambia balbu za tulipu na dafodili, yaani vile vitunguu vya ardhini ambavyo maua hayo huchipua kutoka kwake. Nina kipande mbele ya nyumba kinachopata jua asubuhi yote, alasiri kinafunikwa na kivuli cha mgrevilea. Udongo ni huu wetu wa volkano, mwepesi, maji hayasimami.

Kule hupanda kati ya Septemba na Novemba, maua yakatoka Machi hadi Mei. Sisi hatuna majira hayo, sasa mimi nipande lini? Je, anaweza kuzitia tu kwenye sanduku akaja nazo? Na zikishachanua, mwaka ujao zitachipua zenyewe? Mama mkwe hatembei mbali siku hizi, anashinda barazani, na natamani awe na kitu kizuri cha kutazama.

Mkulima wa Molo
Dada, hilo la sanduku lishughulikie kwanza. Mimea na balbu haziingii nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na kibali hicho huombwa kabla mzigo haujaondoka huko. Pia ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka Uholanzi, na zisiwe na chembe ya udongo. Akija nazo kimyakimya zitachukuliwa uwanja wa ndege, na ni haki zichukuliwe. Ugonjwa mmoja ukiingia na balbu unaweza kuangamiza mashamba ya watu wengi.

Sasa baridi. Ndani ya balbu ya tulipu ua limeshaumbika, dogo sana, lakini halitarefuka mpaka balbu ipite wiki 12 hadi 14 kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9. Usiku wa Nakuru huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, lakini mchana jua hupanda hadi 25 na udongo unapata joto tena. Hata huku kwetu Molo, mita 2,500 juu ya bahari, baridi ya usiku haikai mfululizo. Ukizipanda hivyo hivyo utapata majani, na pengine ua fupi lililojificha katikati yake.

Bustani Kisumu
Mkulima amesema kweli. Njia iliyopo ni friji, na hata Marekani watu wa majimbo ya joto hufanya hivyo. Mama Tausi, shemeji akifika tu, weka balbu kwenye mfuko wa karatasi au wavu, ziingie sehemu ya chini ya friji, kamwe si kwenye barafu. Na tafadhali, friji hiyo isiwe na ndizi, maembe wala tufaha! Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua lile ua changa ndani ya balbu. Utapanda, utamwagilia, utangoja, na hutaona ua.

Zikiingia friji Desemba, mwishoni mwa Machi ziko tayari. Wakati huo mvua za masika zinakaribia, mawingu yanapunguza ukali wa jua. Mimi ningezipanda kwenye vyungu vyenye matundu ili mvua ikizidi uvisogeze chini ya paa. Ncha iangalie juu, kina kiwe kama mara 3 ya urefu wa balbu. Usiweke samadi mbichi, itaziozesha.

Kurudi mwaka ujao? Tulipu hapana. Baada ya kuchanua huhitaji majuma mengi ya ubaridi ili kujijaza upya, na huku joto hukausha majani mapema. Ihesabu kuwa ya msimu mmoja. Huku Kisumu, usiku ukiwa na nyuzi 17 au 18, hata kwa friji ua la tulipu halimalizi siku nyingi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Binti yangu, tulipu zipande chache kwa ajili ya furaha ya mama. Lakini kipande chako chote usikipe mmea unaoishi kwa friji. Zipo balbu zinazofuata mvua zetu zenyewe, na hizo zitamchanulia mama mkwe mwaka baada ya mwaka.

Anza na amarilisi, asili yake Amerika Kusini. Kiangazi cha Januari na Februari huipumzisha, ikipata maji inasukuma shina nene lenye maua makubwa mekundu. Usiizike yote, shingo na theluthi ya juu ya balbu zibaki nje. Gladiola ilitoka Afrika Kusini. Hiyo huchanua siku 70 hadi 90 baada ya kupandwa, kwa hiyo panda chache kila baada ya wiki mbili, usizimalize zote siku moja. Pembeni mwa njia weka agapanthasi, rangi ya buluu, haisumbui kabisa.

Na lipo letu la asili, Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la mviringo linalochomoza mvua za kwanza zikinyesha, mara nyingi kabla ya majani. Watu huliona porini wakalipita. Mimi naliheshimu kuliko tulipu yoyote. Usiling'oe msituni, tafuta kwa wauza miche au omba jirani aliye nalo akugawie chipukizi.

Zote hizi, ua likinyauka kata shina lake tu. Majani yaache mpaka yawe ya manjano, maana hayo ndiyo yanayolisha balbu ya mwaka ujao.

Mama Tausi, Kiamunyi
Asanteni sana, Mwalimu shikamoo. Nimemwambia shemeji aanze na kibali, na alete tulipu chache tu. Dafodili je? Na fuko wamejaa huku, walimaliza viazi vya jirani.

Mkulima wa Molo
Dafodili nyingi zinataka baridi vilevile. Mwombe Narcissus papyraceus, jamaa yake mweupe wa pwani za Mediterania. Huyo hahitaji friji. Dafodili fuko hawazigusi kwa kuwa zina sumu, lakini tulipu watazila, ndiyo sababu nyingine ya vyungu. Gladiola zizungushie wavu wa waya chini ya udongo. Na kwa vile dafodili na amarilisi hufanana na vitunguu, usizihifadhi jikoni, wala kwenye friji bila kuandika jina juu ya mfuko. Waonye watoto na anayekupikia.