Je, sheria iliiruhusu Tanzania kufika Kampala 1979?

Mleta mada: Wakuu, Marekani kuingia Iraq 2003 tunalaani mpaka leo, ila sisi kuingia Kampala 1979 tunashangilia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 2(4), unakataza nchi kuitumilia nguvu nchi nyingine. Ibara ya 51 inakuruhusu kujihami ukishambuliwa. Kumtoa Idi Amin wa Uganda Kagera, alikotuvamia 1978, sina swali. Ninachouliza: mvamizi akishatoka mpakani, haki ya kujihami inakufikisha Kampala?

Msomasheria: Haikufikishi. Kujihami kuna kipimo: pawe na ulazima, na nguvu isizidi hatari iliyopo. Kufikia mwisho wa Novemba 1978 majeshi ya Amin yalikuwa yanarudi kwao. Kampala imeanguka Aprili 11, 1979. Mgogoro wa mpaka tukaugeuza kazi ya kuangusha serikali.

Mtu wa Kyaka: "Mgogoro wa mpaka"? Njoo ulitamke hilo mbele ya mama yangu. Daraja la Kyaka lililipuliwa, yeye akabaki ng'ambo. Alivuka mto usiku kwa mtumbwi, kaka yangu mgongoni, amefungwa khanga mdomoni asilie. Mpaka leo tairi likipasuka barabarani anashika mlango kwanza. Amin alitangaza kuwa mpaka sasa ni mto Kagera. Huko ni kumega nchi ya watu!

Msomasheria: Pole kwa mama, ndugu. Lakini machozi si hoja ya kisheria.

Mtu wa Kyaka: Machozi? Wewe 1978 ulikuwa wapi?

Msomasheria: Sijazaliwa. Wewe je?

Mtu wa Kyaka: Nilikuwa tumboni, kwenye mtumbwi huohuo.

Mstaafu: Vijana, acheni kuulizana umri. Sheria unaisoma ukiwa umekaa. Mutukula, pale mpakani upande wa Uganda, iko juu, na mizinga ilikuwa inatupiga kutokea kule. Ukimwacha adui mlimani, kesho yuko Kyaka tena. Ndiyo maana tulivuka Januari. Baadaye Gaddafi wa Libya akamletea Amin askari, sasa hapo utasema vita vimeisha? Na Mwalimu alieleza kuwa vita ni viwili: vyetu vya kumfukuza mvamizi, na vya Waganda wenyewe kumtoa Amin.

Jirani wa Masaka: Mzee wangu, shikamoo. Amin aliua ndugu zetu wengi, na siku anakimbia tulicheza barabarani. Lakini Masaka mliibomoa mkilipiza Kagera. Mji wetu haukuvamia mtu. Na kama vita vya pili vilikuwa vyetu, kwa nini Lule, rais aliyemfuata Amin, alidumu siku 68 tu, na askari wenu wakakaa mpaka 1981?

Mstaafu: Marahaba. La Masaka silikatai. Tuliyaona ya Kagera, na hasira ilikuwa kubwa. La Lule waulizeni wanasiasa.

Msomasheria: Hapo ndipo kipimo kinapovunjika! Na Monrovia, Julai 1979, kwenye kikao cha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati ule, Nimeiri wa Sudan alitusema waziwazi. Wengine walinyamaza kwa sababu hakuna aliyetaka kumtetea Amin. Kunyamaza hakuhalalishi. Hata leo, ibara ya 4(h) ya Mkataba Anzilishi wa Umoja wa Afrika inaupa Umoja wenyewe haki ya kuingilia kati penye mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita, kwa uamuzi wa wakuu wa nchi. Haimpi jirani mmoja.

Mtu wa Kyaka: Wakuu wakutane lini? Mto unavukwa usiku mmoja.

Mleta mada: Jamani, swali langu la Kampala.

Jirani wa Masaka: Mimi nilitaka Amin atoke na Masaka ibaki. Ibara gani inasema hivyo?

Msomasheria: Hakuna. Mtu wa Kyaka, nimefuta "mgogoro", nimeandika "uvamizi". Kipimo cha ibara ya 51 sikifuti.

Mtu wa Kyaka: Nimeona. Nitamsomea mama.