Wa darasa la pili arushwe hadi la nne?

Mama Nuru: Binti yangu anamaliza darasa la pili, na mwalimu wake ameshauri Januari aingie moja kwa moja la nne, kwa kuwa humaliza hesabu wakati wenzake bado wanapiga mistari, kisha hukaa akichora kuku nyuma ya daftari. Baba yake ameshakubali, mimi nasita. Mnasemaje?

Mwalimu Mstaafu: Asome la tatu. La kwanza na la pili ni hasa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. La tatu ndipo masomo yanapotengana, Sayansi, Jiografia na mengineyo, na anayeliruka huyakuta katikati, ilhali la nne lina upimaji wa kitaifa. Tena mara nyingi kinachorushwa si mtoto, ni jina la mzazi mtaani.

Mama Nuru: Shikamoo, Mwalimu. Nimesema wazi kwamba nasita. Hilo la jina linanihusu vipi?

Kidagaa: Mimi nilirushwa hilo hilo la tatu mwaka 1986 na sikudhurika, ingawa kugawanya kwa njia ndefu kunanishinda hadi leo. Enzi zile hata kuandikishwa ilikuwa kupitisha mkono juu ya kichwa ukaguse sikio la upande wa pili, na sisi wenye mikono mirefu tuliwahi.

Mwalimu Mstaafu: Kipimo cha sikio kilikuwa na busara yake, maana wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa.

Bibi Chaki: Busara ipi? Kaka yangu alirudishwa nyumbani miaka miwili mfululizo kwa sababu ya mkono, naye alikuwa akimsomea baba gazeti.

Mwalimu Mstaafu: Kaka yako sikumpima mimi, dada yangu.

Kidagaa: Basi Bibi Chaki amenisaidia: kama mwili haukuwa kipimo cha akili, huyu binti anazuiwa kwa lipi?

Bibi Chaki: Sijakusaidia. Aliyecheleweshwa alionewa, na anayeharakishwa anaweza kuonewa vilevile, akikaa na wenye miaka tisa kwenye dawati ambalo miguu yake haigusi sakafu.

Mama Nuru: Nimemuuliza mwenyewe. Ameuliza kama mwenzake wa dawati naye atarushwa, na baba yake hadi sasa hajampa jibu.

Mwalimu Mstaafu: Msimharakishe. Kuhusu sikio, sijabadili msimamo.